Mtoto, Vita na Jina la Mchezo: Riwaya ya Ender's Game na Kumbukumbu ya Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza Ender's Game ya Orson Scott Card (1985), riwaya ya bunilizi ya kisayansi inayomhusu mtoto mwenye kipaji anayefundishwa vita bila kuelezwa ni lini mafunzo yamekwisha na vita vimeanza. Riwaya inasomwa sambamba na historia ya neno kadogo na nafasi ya Kiswahili kama lugha ya jeshi nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba taharuki ya riwaya hiyo imejengwa juu ya maneno ambayo maana yake kamili imeshikwa na watu wazima peke yao, na kwamba msomaji wa Uganda ana sababu za kihistoria za kuyatambua maneno ya namna hiyo yanapotamkwa kwa Kiswahili. Makala yanaonyesha jinsi tafsiri ya riwaya hii inavyoweza kuyafichua maneno hayo, na yanatoa mapendekezo kwa wanaoandaa matini za fasihi kwa shule za Uganda.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo ulitanguliwa na safari ndefu. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, kabla ya matamko hayo yote Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya askari. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilikitumia kuwaunganisha askari wa makabila mbalimbali, na majeshi yaliyofuata baada ya uhuru yakarithi desturi hiyo. Jijini Kampala, ambako Kiluganda ndicho lugha ya soko na ya nyumbani, Kiswahili kilisikika zaidi katika kambi za polisi za Nsambya na Naguru, katika kambi ya jeshi ya Mbuya, na penye vizuizi vya barabarani. Wakazi wengi waliopitia miaka ya 1970 na 1980 walikijua kwanza kama sauti ya mtu mwenye bunduki.

Watoto wanaofundishwa Kiswahili leo wanarudi nyumbani kwa wazazi na mabibi wenye kumbukumbu hiyo. Swali linalowakabili watunga sera, kwa hiyo, linavuka idadi ya walimu na vitabu. Linahusu pia aina ya fasihi itakayomwezesha mtoto kuimiliki lugha ambayo wazee wake waliiogopa. Jibu rahisi ni kuchagua hadithi zisizogusa vita hata kidogo. Makala haya yanatetea jibu lingine: kwamba riwaya ya kusisimua kuhusu mtoto aliyetumiwa vitani, ikifasiriwa na kufundishwa kwa uangalifu, inaweza kumpa mwanafunzi haki ya kuuliza maneno yana maana gani.

2.0 Riwaya na chanzo cha taharuki yake

Ender's Game ilianza kama hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1977, kisha ikapanuliwa kuwa riwaya mwaka 1985 na kushinda tuzo za Nebula na Hugo, ambazo ni kubwa katika uwanja wa bunilizi ya kisayansi. Filamu iliyotokana nayo ilitolewa mwaka 2013. Mhusika mkuu ni Andrew Wiggin, anayeitwa Ender, mtoto wa tatu katika jamii ambayo sheria huruhusu watoto wawili tu. Serikali imeruhusu azaliwe kwa sababu inatarajia kipaji chake kitakuwa na manufaa kwa jeshi. Akiwa na miaka sita anachukuliwa na Kanali Graff na kupelekwa katika Shule ya Mapambano iliyo angani, ambako watoto hushindana kwa vikosi katika chumba kisicho na uzito. Baadaye anahamishiwa shule ya makamanda na kufundishwa na Mazer Rackham, shujaa wa vita vilivyopita. Huko anaongoza mapigano mengi ambayo anaambiwa ni mazoezi ya mashine. Katika pigano la mwisho anaiteketeza sayari nzima ya adui. Hapo ndipo anapofahamishwa kwamba mashine haikuwa ikiigiza chochote: meli zilikuwa za kweli, askari waliokufa walikuwa wa kweli, na umma mzima wa viumbe umeangamizwa kwa amri yake.

Taharuki ya riwaya haitegemei sana swali la nani atashinda. Inatokana na tofauti ya ujuzi baina ya mtoto na watu wazima. Sura hufunguliwa kwa mazungumzo ya maofisa wanaomjadili Ender bila yeye kuwasikia. Msomaji anajua kwamba mtoto anasukumwa na kutengwa kwa makusudi ili asimtegemee mtu yeyote, lakini hajui mpango huo utafika wapi. Ender anawaua wavulana wawili waliomshambulia, kila mmoja kwa wakati wake, na maofisa wanamficha kwamba wamekufa. Hivyo msomaji anawekwa mahali pagumu: anajua zaidi ya mtoto, lakini hana uwezo wa kumwonya.

Jambo la pili ni sababu ya kumchagua mtoto. Ender ana huruma inayomwezesha kumwelewa adui hadi kukisia hatua yake inayofuata. Maofisa wanaihitaji huruma hiyo, lakini wanajua kwamba mtu mwenye huruma ya kiasi hicho asingekubali kuangamiza umma mzima kama angejua anachofanya. Kwa hiyo wanakihitaji kipaji chake pamoja na kutojua kwake. Neno linaloviunganisha viwili hivyo ni moja tu: mchezo.

3.0 Kadogo: historia ya neno

Vita vya msituni vya National Resistance Army (NRA) vilianza tarehe 6 Februari 1981 kwa shambulio la kambi ya Kabamba. Jeshi la Uganda bado huiadhimisha siku hiyo kwa jina la Kiswahili, Tarehe Sita. Wakati vita vikiendelea katika eneo la Luwero, watoto waliingia katika safu za wapiganaji. Maelezo ya viongozi wa NRA yalikuwa kwamba wengi wao walikuwa yatima waliopokewa baada ya wazazi wao kuuawa. Wakosoaji walisema kwamba, vyovyote walivyofika, watoto hao walibeba silaha na kupigana. NRA ilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, wakazi wa jiji waliona kwa macho yao askari waliokuwa wafupi kuliko bunduki walizozibeba. Jina lao lilikuwa kadogo.

Umbo la neno hilo lina elimu ndani yake. Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa kiambishi ki-, kama katika kitoto na kijiji. Kiambishi ka- ni cha Kiswahili cha bara na cha lugha jirani: Kiluganda kina akaana kwa mtoto mdogo, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo hutumia ka- pamoja na tu- kwa wingi. Kadogo ni neno ambalo shina lake ni la Kiswahili na umbo lake ni la bara. Mzungumzaji wa lugha hizo husikia ndani yake mapenzi anayosikia mama anapomwita mwanawe. Husikia pia upunguzaji, kwa kuwa katika lahaja zenye upatanishi wa ka- mtoto anaondolewa katika ngeli ya watu na kuwekwa katika ngeli ya vitu vidogo.

Neno moja, basi, lilifanya kazi mbili. Lilimbembeleza mtoto na papo hapo likapunguza uzito wa kile alichokuwa akikifanya, maana kilichoitwa kadogo hakionekani kuwa askari kamili. Neno hilo lilivuka mpaka. Katika vita vya mwaka 1996 na 1997, majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yaliitembea Kongo kutoka mashariki hadi Kinshasa yakiwa na kadogo wao, na jina likaenea pamoja na mwendo wao.

Kaskazini mwa Uganda hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa Lord's Resistance Army (LRA) iliwateka watoto kwa nguvu. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 wasichana 139 walichukuliwa kutoka shule ya St. Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata watekaji porini, na wasichana 109 wakaachiwa huru. 30 walibaki mikononi mwa LRA. Kumbukumbu ya Aboke ni muhimu katika mjadala huu kwa sababu inatenganisha mambo ambayo riwaya huyaunganisha. Ender alichaguliwa kwa kipaji. Mtoto wa kaskazini alitekwa kwa sababu tu alipatikana. Mafundisho yanayofuata, hata hivyo, yanafanana: kutengwa na jamaa, na kupewa lugha mpya ya kuyaita matendo.

4.0 Majina matatu mbele ya mfasiri

Mfasiri wa Ender's Game atakayefanya kazi kwa ajili ya msomaji wa Uganda atakutana na maneno matatu yanayobeba mzigo wa riwaya.

La kwanza ni jina la mtoto. Ender ni jina la utani lililotokana na dada yake kushindwa kutamka Andrew alipokuwa mdogo, lakini kwa Kiingereza linamaanisha pia mwenye kumaliza. Likiachwa kama lilivyo, maana hiyo hupotea. Kiswahili kina neno linaloikaribia kwa namna ya pekee: kitinda mimba, yaani mtoto wa mwisho kuzaliwa. Ndani yake mna kitenzi cha zamani tinda, chenye maana ya kukata na kuchinja. Ender ni mtoto wa mwisho wa wazazi wake, na ndiye anayekata uhai wa umma mzima. Jina la utani Kitinda lingebeba utoto na uangamizi kwa pamoja, na msomaji angeufahamu upande wa pili polepole, kama mtoto mwenyewe anavyoufahamu.

La pili ni mchezo. Neno hili ni pana: mchezo wa watoto, mchezo wa mpira, hata mchezo wa kina mama wanaochangishana fedha. Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, kina pia usemi si mchezo, unaotumika kwa jambo zito lisilofanyiwa masihara. Kila ofisa anapomwambia mtoto kwamba huu ni mchezo, msomaji wa Kiswahili ataisikia kwa mbali sauti inayokanusha. Mfasiri akibadilisha neno kila mara, mara zoezi, mara igizo, mara shindano, atauharibu mtego huo. Ni heri neno moja lirudiwe hadi siku linapoanguka. Hapa pia methali inayosema mwana akililia wembe mpe inageuka. Methali hiyo humwonya mtoto mkaidi na kumwacha ajifunze kwa jeraha lake. Katika riwaya hii mtoto hakulilia wembe; alipewa na wakubwa, akaambiwa ni kitu cha kuchezea, na waliojeruhiwa ni wengine.

La tatu ni jina la adui. Katika riwaya ya mwaka 1985 adui huitwa kwa neno la dharau linalowafananisha na wadudu, ingawa filamu ya mwaka 2013 ilitumia jina la staha zaidi linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya sisimizi. Katika eneo la Maziwa Makuu jina la namna hii si ubunifu mtupu. Neno inyenzi, yaani mende, lilitumika katika propaganda iliyoandaa na kuendesha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda. Mfasiri anayeandika wadudu mbele ya msomaji wa Kampala anaandika kwa mtu anayejua neno hilo liliwahi kufikisha watu wapi.

Sarufi yenyewe inaongeza jambo. Mdudu, katika Kiswahili sanifu, hupatana kama mtu: wadudu wanakuja, wadudu wamekufa. Sentensi wamekufa wote haielezi kama waliokufa ni watu au wadudu. Ender anapogundua kwamba adui alikuwa na akili na majuto, na hata kwamba hakukusudia kushambulia tena, Kiswahili kitakuwa kimekwisha kumpa adui huyo upatanishi wa wenye uhai tangu ukurasa wa kwanza. Ukilinganisha hali hiyo na ile ya kadogo, unapata kinaya kizito: adui anabaki katika ngeli ya wa-, na mtoto aliyetumwa kumwua ndiye anayeondolewa humo.

5.0 Swali la hatia

Riwaya hii imepata wakosoaji makini. John Kessel, katika insha ya mwaka 2004, alidai kwamba mwandishi amempanga Ender awe mwuaji asiye na doa: kwa kuwa hakukusudia kuua, msomaji anaalikwa amhurumie yeye kuliko waliouawa. Hoja hiyo inastahili kuzingatiwa darasani, kwa sababu nchini Uganda swali la mtoto na hatia limefika mahakamani.

Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule, akakulia humo hadi kuwa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61 yaliyotendwa kati ya mwaka 2002 na 2005, yakiwamo ya kuwaingiza vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15. Mahakama ilikataa utetezi wa kulazimishwa na wa maradhi ya akili. Katika kupanga adhabu, hata hivyo, iliuzingatia utoto wake na kutekwa kwake, ikamhukumu kifungo cha miaka 25 tarehe 6 Mei 2021. Hukumu na adhabu hiyo zilithibitishwa katika rufaa mwezi Desemba 2022.

Ender na Ongwen hawalingani. Wa kwanza ni mhusika wa kubuni aliyetenda akiwa bado mtoto na bila kujua. Wa pili alihukumiwa kwa matendo ya utu uzima wake. Kuwaweka pamoja kunasaidia tu kuonyesha pale riwaya inapoishia. Mwishoni Ender anatwaa jukumu la kusimulia ukweli wa waliouawa, na anabeba kifukofuko cha malkia wa mwisho wa adui akitafuta mahali kitakapoishi. Hiyo ni toba ya mtu mmoja. Kuhusu waliompa mtoto neno mchezo, riwaya inasema kidogo: Graff anashtakiwa, lakini anaachiwa na anaendelea na kazi. Msomaji wa Uganda ana haki ya kuuliza kwa nini uzito wa kumbukumbu umeachwa juu ya mabega ya mtoto.

6.0 Nafasi ya riwaya hii kando ya fasihi ya Afrika Mashariki

Swali hilo si geni katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani, unaeleza jinsi mtawala wa Pate alivyomtumia mwana wa Liyongo kuipata siri ya mauti ya baba yake. Kijana aliahidiwa ndoa na cheo, akaipata siri, akamchoma baba yake kitovuni, na hakufaidika na alichoahidiwa. Kisa hicho hakina mashine wala safari ya angani, lakini kina mtoto aliyefanywa silaha kwa sababu yeye tu angeweza kumkaribia mlengwa. Mwalimu anaweza kukitumia kama mlango wa kuingilia riwaya ya Card.

Bunilizi ya safari za angani nayo imo katika Kiswahili. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inamfuata Dzombo, anayehukumiwa kufungiwa katika chombo cha angani ili afie humo, lakini anajifunza kukiendesha na kufika katika jamii yenye usawa. Dzombo anakombolewa na ujuzi wa mashine. Ender anaangamizwa nao. Kwa upande wa Uganda, Goretti Kyomuhendo katika Waiting (2007) alimpa msichana wa miaka kumi na mitatu kazi ya kusimulia vita vya mwaka 1979, na Dilman Dila, katika A Killing in the Sun (2014), ameonyesha kwamba bunilizi ya mambo yasiyo ya kawaida ina mizizi katika udongo wa nchi hiyo. Kazi hizo mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mfano wa Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa ya utenzi wa Okot p'Bitek, unathibitisha kwamba sauti ya Uganda inaweza kusikika kwa Kiswahili pasipo kupoteza uenyeji wake.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa waandaaji wa mitaala, wachapishaji na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kwanza, tafsiri ya Ender's Game, kwa idhini ya wenye haki, ilengwe kwa ngazi ya juu ya sekondari. Mauaji ya wavulana wawili na mwisho wa riwaya havifai kwa mtoto wa shule ya msingi.

Pili, riwaya hiyo isisomwe peke yake. Iambatane na kazi ya Uganda iliyofasiriwa kwa Kiswahili, Waiting ikiwa mfano mzuri, ili mwanafunzi asidhani kwamba vita vya watoto ni jambo la sayari nyingine.

Tatu, mwongozo wa mwalimu ueleze wazi kwamba mwanafunzi asiulizwe habari za familia yake. Katika wilaya za kaskazini na za Luwero, darasa moja linaweza kuwa na mjukuu wa aliyetekwa na mjukuu wa aliyeteka. Maswali yaelekezwe kwa wahusika: nani alijua, alijua lini, na kwa nini hakusema.

Nne, kamusi na vitabu vya kiada vitakavyoandaliwa kwa ajili ya Uganda vieleze maneno ya Kiswahili cha jeshi, kama vile kadogo na afande, pamoja na historia yake. Kuyaficha hakutayaondoa vinywani mwa watu. Neno lililoelezwa hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kutisha.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Ender's Game hulishika pumzi la msomaji kwa kumweka kati ya mtoto asiyejua na wakubwa wanaojua, na kwamba chombo cha utengano huo ni lugha. Nchini Uganda, neno la Kiswahili liliwahi kufanya kazi inayokaribia hiyo, likimwita askari kadogo. Kiswahili hicho hicho sasa kinaingia darasani kwa amri ya serikali. Kikiingia na nyimbo na maamkizi peke yake, kitabaki nusu ya lugha, na nusu ya pili itaendelea kukaa kambini. Kikiingia pamoja na vitabu vinavyomruhusu mtoto kusimama na kuuliza, "Huu ni mchezo gani?", na mwalimu akawa tayari kumjibu kwa ukweli, watoto wa Kampala watakuwa wamepewa lugha ambayo wakubwa wao hawakuwahi kupewa kwa ukamilifu.